Kajuju Anapungua

Kajuju alipoanza kwenda dansi mjini Meru, kijiji kizima cha Kiirua kilipata habari kabla jasho lake halijakauka. Mwanamke wa miaka hamsini kasoro, mke wa mtu, muuza viazi, ati anavaa suruali ya kubana na kurukaruka! Wee! Wengine walisema amepata kijana. Mumewe Gitobu alipoulizwa sokoni alijibu, "Mwacheni acheze. Akirudi amechoka, hata kunigombeza hawezi." Watu wakacheka. Gitobu aliijua siri, na mdomo wake ulikuwa mzito, Mungu ambariki.

Siri yenyewe ni hii. Mafigo ya Nkatha, mdogo wake Kajuju, yalikuwa yamekufa. Kila wiki alipelekwa hospitali kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, kisha akarudi kulala kwa mama yao kama nguo iliyokamuliwa. Kajuju alijitolea kumpa figo yake moja. Vipimo vya damu vilipatana. Ila daktari alimtazama juu mpaka chini akasema, "Mama, wewe ni mnene, na presha iko juu. Siwezi kukupasua hivi. Punguza kwanza, tutakupima tena."

Nkatha hakutaka. "Dada, una watoto. Niache tu."

"Ng'ombe haelemewi na nunduye," Kajuju alimjibu. "Nyamaza, wewe."

Mama yao hakuambiwa. Baba yao aliingia chumba cha upasuaji akitembea, akatolewa amefunikwa shuka, na tangu siku hiyo mama aliapa hakuna mtoto wake atakayeguswa na kisu tena. Dada wakakubaliana watamwambia mambo yakiiva.

Basi ikawa dansi. Darasa lilikuwa la wanawake watupu, ghorofani juu ya duka la vitambaa, na mwalimu wao alikuwa Sabirin, binti mwembamba wa mfanyabiashara wa pale mjini, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. "Mama Viazi, kiuno! Hicho kiuno umekiweka benki?" Wenzake wakienda kulia, Kajuju alikwenda kushoto. Magoti yalimlilia. Siku ya kwanza alikaa kwenye ngazi akalia kwa aibu, na Sabirin akaja kuketi karibu naye, akamuuliza anapungua kwa ajili ya nani. Kajuju akamwambia yote. Tangu siku hiyo Sabirin hakumhurumia hata kidogo.

Na lo, Kajuju akaipenda dansi! Tangu harusi yake hakuwa amecheza. Jioni alipopita kumwona Nkatha alimwonyesha hatua mpya hapo kando ya kitanda, makalio huku, mikono kule, na Nkatha alicheka mpaka akashika mbavu. Kwa ajili ya kicheko kile angecheza hata juu ya miiba.

Aliacha chapati. Aliacha viazi, yeye anayeviuza. Mashavu yakaingia, mifupa ya shingo ikatokeza. Chakula chake cha jioni kikawa kikombe kimoja cha uji mchachu wa wimbi, akinywea kwa mama. Halafu uzito ukagoma. Daktari akatazama mzani, akasema bado. Kajuju akaongeza siku za dansi, akarudi tena hospitali. "Bado kidogo tu, mama. Usikate tamaa." Siku hiyo alimuuliza Mungu kama anamcheka.

Kabla Kajuju hajapimwa tena, Nkatha alishikwa na homa. Maradhi yalikuwa yameingia katika damu, na mwili ule haukuwa na nguvu ya kupigana. Kajuju alikuwa darasani, mikono juu, Gitobu aliposimama mlangoni kofia mkononi. Sabirin alizima muziki bila kuuliza.

Wanawake wa darasa walikuja mazishini wote, na mchele na sukari, wakasimama nyuma ya kwaya ya kanisa. Safari hii hakuna mtu Kiirua aliyewacheka.

Wageni walipotawanyika, mama alimwita Kajuju jikoni.

"Kaa. Nina neno, na usinikasirikie. Nilipoona umekonda, niliogopa. Nikasema ugonjwa wa Nkatha umeingia na kwako, unaenda hospitali unanificha, ati dansi. Mtu wa umri wako aende dansi? Mimi ni mjinga? Basi kila jioni nilikutilia siagi kwenye uji. Siagi ya ng'ombe wetu, kijiko kikubwa, siku nyingine viwili. Uchachu ukaificha. Na ukaacha kukonda, niliona kwa macho yangu! Mmoja Mungu amemchukua. Lakini wewe nilikushika."

Hasira ilimpanda Kajuju mpaka masikio yakavuma. Kijiko kikubwa! Miezi ile yote, magoti yale, jasho lile, na bado kidogo tu, bado kidogo tu. Maneno yalimfika kwenye meno. Akamtazama mama yake, kizee cha watu kilichotoka kuzika mtoto leo leo, kimekaa kinangoja kuambiwa kwamba kuna hata jambo moja kililofanya sawa.

"Ulinishika, mama," alisema. "Bila wewe ningekwenda pia."

Mama alifuta macho kwa ncha ya leso. Kisha akainuka, akamimina uji, akachota siagi bila kuficha, akakoroga. Kajuju alipokea kwa mikono miwili, akanywa wote.