Tangi la Maji ya Uvuguvugu

Mama alikuwa akiliita tangi letu la maji ya moto "mke mwenzangu." Mgeni akiuliza mzee yuko wapi, mama humjibu bila kucheka, "Yuko kwa bi mdogo." Ukienda kuchungulia kile kijistoo cha nyuma ya bafu, kweli unamkuta baba kapanda kwenye stuli, anapapasa tangi kwa viganja ili ajue joto linavujia upande gani.

Hakuwa bahili wa kila kitu. Ada zetu alilipa, na mgeni hakutoka kwetu na njaa. Ila umeme ulimkera. Kabla ya kustaafu alikuwa fundi wa hoteli, msimamizi wa mitambo ya maji ya moto ya vyumba vyote, na alipobaki na nyumba moja na tangi moja, ujuzi wote aliuhamishia hapo. Majirani walimpa jina la Mzee Zima, kwa sababu ndilo neno walilolisikia likitoka dirishani kwetu. Zima taa. Zima pasi. Zima hita.

Nisimnyime haki yake, mengi aliyafanya vizuri. Alilivisha tangi blanketi zito na kulifunga kamba kiunoni, akazungushia vitambaa bomba linalopeleka maji bafuni, akabadilisha mpira wa koki iliyokuwa ikidondosha. Mama alifundishwa kuwasha hita muda mfupi kabla ya kuoga na kuizima kabla hajaingia bafuni. Maji yakishapata moto, baba alisema, hayana haja ya kusindikizwa. Mimi nilikuwa nimeshahama nyumbani, lakini nilimwiga mpaka saluni kwangu, na umeme wa kule ulipungua kweli.

Lakini umeme ulipopanda bei tena, yeye akaona bado kuna mahali pa kubana. Hita ina themostati, kidude kinachoiambia ikome maji yakifika joto fulani, na kimefichwa nyuma ya kifuniko cha chuma. Baba akafungua kifuniko, akashusha. Tangu hapo maji yetu yakawa ya uvuguvugu. Mama, ambaye hakujua kumumunya neno, alimwambia mezani mbele yetu, "Haya si maji ya moto. Haya ni maji yaliyosikia habari za moto." Tulicheka wote, na baba pia.

Mama alikuwa na pumu ya miaka mingi. Alipoanza kukohoa hatukushtuka, mpaka homa ikapanda na akawa anasema maneno yasiyoshikana. Hospitali wakasema ni mapafu, wakamlaza, wakamvisha barakoa ya oksijeni. Dawa za kwanza hazikumsaidia. Walipobadilisha dawa, daktari, mwanamke mdogo kuliko mimi, aliniita ofisini peke yangu.

"Dada, nyumbani mnaoga maji gani?"

Nikamweleza habari za Mzee Zima na bi mdogo, nikicheka. Yeye hakucheka.

"Kuna vijidudu vinavyokaa kwenye maji," alisema. "Maji yakiwa moto sawasawa vinakufa. Yakiwa vuguvugu, tena yakakaa tangini, vinazaliana. Mtu havinywi. Anavivuta puani na yale manyunyu ya shawa. Mwenye kifua kizima anaweza asipate kitu. Mwenye pumu ni habari nyingine."

"Mbona baba haumwi?"

"Naye anaogea hayohayo?"

Baba hakuwa akioga yale maji. Alikuwa akioga ya baridi kwenye ndoo, uani, ili ya moto yote yabaki kwa mama. Mama mwenyewe alizoea kututania kwa hilo: "Ananitunzia maji kama mwari."

Nilitoka pale na hasira zinazotafuta mtu. Mimi ni msusi, na katika kazi yetu mikono husuka na mdomo husuka. Koridoni nilikwishayapanga maneno ya kumwambia baba, moja baada ya jingine, na hakuna hata moja ambalo mtoto humwambia mzazi wake. Nilitaka ajue alichofanya. Nilitaka alijue siku hiyohiyo, kabla hajanywa chai. Nikamkuta kwenye benchi nje ya wodi, ameshika kanzu ya kulalia ya mama, ameikunja vizuri mapajani.

"Daktari kasemaje?"

"Kifua tu," nilisema, maana nilitaka kwanza nimwone mama.

Mama alikuwa macho. Akanionyesha kwa kidole nifunge pazia, kisha akaivuta barakoa pembeni.

"Wamekuuliza habari za tangi?"

"Wameniuliza."

"Na mimi waliniuliza. Baba yako anajua?"

"Bado. Nakwenda kumwambia sasa hivi."

"Mwambie nilishusha mimi."

"Mama."

"Mwambie aliporudisha kifuniko mimi nikafungua, nikashusha zaidi. Maji yalikuwa yananiunguza. Sema hivyohivyo, usinipambie."

"Wewe hujawahi kumdanganya baba hata siku moja."

"Ndiyo maana ataamini."

"Na hasira zangu mimi nizipeleke wapi?"

Alivuta pumzi mara kadhaa kabla ya kunijibu. "Zipeleke saluni," alisema, akairudisha barakoa yake.

Hakumaliza wiki. Dawa ya pili ndiyo iliyokuwa yenyewe, daktari alisema, ila ilichelewa. Tukamzika, watu wakaja, wakala, wakaondoka, viti vya kukodi vikarudishwa. Sikumwambia baba chochote. Uongo wa mama ulikuwa umenikaa kooni, na ukweli nao ulikuwa hapohapo, kila mmoja ukimzuia mwenzake kutoka. Nilimpikia, nikamfulia, na kila nilipomtazama hasira iliamka, na kila ilipoamka niliona aibu.

Kisha bwana afya akaja, ametumwa na hospitali. Alikinga maji ya shawa kwenye chupa, akatia kipimajoto, akaandika. Alimweleza baba kila kitu, polepole, kwa adabu. Baba alisimama ameshika fremu ya mlango wa stoo, wala hakumkatiza.

"Pole sana, mzee. Inabidi niulize. Themostati hii aliishusha nani?"

Baba alifungua mdomo. Nikamtangulia.

"Mama," nilisema. "Marehemu mwenyewe. Baba aliishusha kidogo tu, mama akaishusha zaidi. Maji yalikuwa yanamuunguza."

Bwana afya akaandika, akatuambia tuchemshe tangi zima na tusishushe tena chini ya nyuzi sitini, akatupa pole ya pili na kuondoka. Nikabaki na baba bafuni. Nilijisikia mwepesi kidogo. Nilidhani nimemvusha.

"Alikwambia lini?" baba aliuliza.

"Wodini."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Alivua mpaka barakoa ili aseme."

Akatikisa kichwa taratibu, kama anayehesabu kitu.

"Ile sitini mimi niliijua," alisema. "Hotelini nilikuwa nawafokea vijana kwa ajili yake. Nyumbani nikaona, ah, ni mtu mmoja tu anayeyaoga. Siku ile daktari alipokuita peke yako, mimi pale kwenye benchi nilishajua ni nini."

"Baba, nimekwambia ni mama—"

"Mama yako hajashika bisibisi maisha yake yote, mwanangu. Kifuniko kile kina skrubu nne."

Alikaa kwenye ukingo wa hodhi la kuogea, mikono katikati ya magoti.

"Basi alijua ni mimi," alisema. "Nilikuwa najipoza kwamba amekufa hajui."

Hapo ndipo nilipoona tulichomfanyia, mama na mimi, kwa mapenzi yetu. Hasira zote ziliniishia, na nilitamani zibaki, maana kilichokuja badala yake kilikuwa kizito zaidi. Nikapiga magoti sakafuni mbele yake.

"Alijua, baba. Na hakukuchukia hata kidogo."

"Afadhali angenichukia," alisema. Akaniomba nimsaidie kuinuka, akaenda chumbani kwao, akafunga mlango.