Kivuli cha Mtoto wa Kamene

Saa nne asubuhi, jua likiwa limeshaenea uwanda wote wa Ndavaya, Sidi aliwasha kibatari ili achambue kunde. Mlango ulikuwa wazi na dirisha pia. Aliwasha kwa sababu nyumba yake ilikuwa ndani ya kivuli cha ndege, na ndani ya kivuli hicho mtu hatofautishi kunde na kijiwe.

Ndege yenyewe, ya jeshi, haikuwapo. Ilipita siku moja, zamani, ikarudi kambini, ikazeeka, ikakatwakatwa ikauzwa chuma chakavu. Kilichobaki ni kivuli. Kililala juu ya ardhi, pua upande wa Kinango na mkia upande wa mpaka, wala hakikufuata jua. Saa sita ya mchana, wakati hata nguzo haina kivuli, chenyewe kilikuwa palepale. Kuku walikipenda. Mihogo ya kukausha ilibidi ibebwe mpaka nje ya bawa la kushoto, karibu na kaburi la Mwinga, mume wa Sidi. Hapo ndipo jua lilipoanzia, na hapo ndipo Sidi alipokwenda kukaa akisikia baridi.

Watu walikizoea. Naibu wa chifu, Jefwa, alifanyia mabaraza yake upande wa mkia kwa sababu palikuwa na ubaridi mzuri. Serikali ilikuwa imesema hakuna ndege iliyopita, na serikali hiyohiyo ikawa inaketi katika kivuli cha ndege hiyo na kushukuru. Vijana wa sola walikuja na paneli zao, wakatazama juu, wakatazama chini. "Mama, hapa haitashika chaji," wakasema, wakapanda pikipiki yao. Kwenye ramani ya simu kivuli kilionekana vizuri sana, hata dereva mmoja wa watalii kutoka Diani alifika kuuliza uwanja wa ndege uko wapi. Sidi alimpa maji ya kunywa.

Mwenye ndege alijulikana. Aliitwa Munee, mtoto wa Kimanzi na Kamene, wa skimu ya mashamba kule juu Kikoneni. Wazazi wake walishushwa huko na lori kutoka Ukambani, wakaonyeshwa msitu, wakapewa panga, wakaambiwa hapa ni kwenu. Kama palikuwa kwa mtu mwingine kabla yao, aliyewaleta hakuwaambia, na mwenye pake hakuulizwa. Lakini Kamene alikuwa mtu wa watu. Alishuka uwandani na mahindi, akarudi juu na mbuzi, na Munee alikuwa akimfuata nyuma na kamba ya mbuzi mkononi. Mara nyingi walipumzika kwa Mwinga. Munee alikunywa maziwa ya nyumba ile mpaka akaota ndevu.

Alipofuzu urubani, akawa anawasalimu kutoka juu. Akitoka mazoezini hupita kwao, akainamisha bawa, na Kamene hutoka mbio akapunga leso. Kisha huja uwandani, chini kabisa, na ng'ombe hutawanyika. Wachungaji hawakuwa na leso. Walikuwa na fimbo. Kila aliyeona bawa limeinama aliinua fimbo yake kwa mikono miwili juu ya kichwa, ili ionekane vizuri, na ndege ikainama mara ya pili. Hakuna aliyewafundisha. Ikawa ndiyo desturi ya mahali pale, na kwingine huikuti. Ukimuuliza mtoto wa Ndavaya wa siku zile ndege husalimiwaje, angekuonyesha.

Mwaka mmoja majangili walikuwa wanamaliza ndovu, na wakubwa walikuwa na haraka ya kuonekana wanafanya jambo. Munee akatumwa. Akaambiwa, ukiona mtu na bunduki usingoje. Sidi alikuwa kisimani, ana mimba, na Mwinga alikuwa mbele yake na ng'ombe. Ndege ikasikika.

"Mtoto wa Kamene huyo," Mwinga akasema, akainua fimbo kwa mikono miwili.

Ndege haikuinamisha bawa.

Ilipokwisha kupita, Mwinga alikuwa chini pamoja na ng'ombe wengi, na juu yao palikuwa na kivuli. Ndege ikaenda. Kivuli hakikwenda. Walipokuja kuuchukua mwili iliwabidi waingie kivulini kama mtu anavyoingia chumbani.

Bwana DO, ofisa wa tarafa, alikuja na kipaza sauti akasema ni radi.

Mzee Mwero, mkubwa wa ukoo, alisimama. "Radi ya kiangazi, bwana DO?"

"Radi haina msimu, mzee."

"Na hiki tulichosimama ndani yake?"

"Ni wingu," akasema DO. Watu wote wakatazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua.

Kule kambini, Munee alivishwa nishani kwa kumwangusha jangili. Kwa hiyo Mwinga alikufa mara mbili: Ndavaya kwa radi, na mji mkuu kwa ujangili. Namna aliyokufa hasa, akisalimu, haikuandikwa popote.

Kwa watu wa Sidi matanga ni mawili. Kuna matanga mabichi, ya siku za mazishi, na kuna matanga mabivu ya kumaliza, ambayo huja baadaye. Hayo ya pili ndiyo humwachilia mjane. Mkeka wa mlangoni hukunjwa, ngoma huchezwa, na kuanzia hapo arusi yaweza kufanyika katika mji ule wa mfiwa. Lakini aliyeuawa na mkono wa mtu hakunjiwi mkeka mpaka mwenye mkono aje, mbele ya watu, aseme ni mimi. Wazee walimpelekea Sidi shauri wafanye tambiko la radi yaishe. Sidi alikataa.

"Mnataka nimdanganye mtu aliye chini," akasema. "Huko aliko anajua kilichompata. Atatuonaje?"

Basi mkeka ulibaki mlangoni. Ulipochakaa alisuka mwingine akautandika palepale. Kila aliyeingia mji ule alianza kwa "Pole," kama inavyompasa mtu kwenye msiba. Mfiwa hujibu "Nishapoa." Sidi alijibu "Bado," kisha akauliza habari za nyumbani. Mwanawe Tsofa alizaliwa matangani, akakulia matangani, akaenda Ukunda kuendesha bodaboda. Huko alioa mbele ya watu wachache, kwa haraka, kama mtu aliyeiba. Watoto wake hawajacheza ngoma kwa bibi yao.

Munee akapanda vyeo, na kila alipopanda, kivuli kilikua. Siku aliyofanywa kapteni, bawa la kulia lilifika kwenye zizi la mbuzi. Alipokuwa meja likafika jikoni. Kwa Mwinga hawakuhitaji redio. Watu waliamka, wakakuta giza limesogea, wakaambiana, "Mtoto wa Kamene amepanda." Jirani mmoja alikuwa akituma salamu za pongezi kwa Kamene, na mara zote ikawa kweli. Alipofanywa kanali kivuli kiliingia nyumbani. Ubrigedia ukalifunika shamba la mahindi, nayo mahindi yakatoa majani marefu, meupe, bila hindi hata moja. Alipopata ujenerali kamili na picha yake kubwa ikawa ukurasa wa mbele wa gazeti, kisima kilikuwa kimeshaingia gizani na ukoko wa kijani ukaota kwenye kamba. Sidi alikwenda kupima kwa macho. Kaburi lilikuwa bado juani.

Kamene alifariki. Binti yake Eunice akarithi biashara ya mbuzi na njia ya kwenda uwandani. Kila alipofika alisema "Pole, Mama Tsofa," akajibiwa "Bado," wakala chakula pamoja. Siku jenerali alipostaafu na kujenga Diani nyumba ya ghorofa inayotazama bahari, Eunice alikwenda akamkuta kwenye kiti cha kamba.

"Munee, utakuja Ndavaya."

"Nitakwenda kufanya nini?"

"Mzee mzima unaniuliza mimi? Ukinywa maziwa ya watu ulikuwa huulizi."

Akaja. Alikuja na magari mawili, na afisa kijana wa kumwangalia, na kile kifimbo cha kijenerali kimebanwa kwapani, ambacho alistaafu nacho. Gari lilipoingia kivulini taa zake zikawaka zenyewe. Tsofa alikuwa amepanda kutoka Ukunda akiwa na mkewe na watoto, kwa kuwa kama jambo lingekwisha, lingekwisha siku ile. Mbuzi wa matanga mabivu alifungwa karibu. Ngoma zilianikwa juani, upande wa kaburi, ili ngozi zikaze.

"Shikamoo mzee," Munee akamwamkia Mwero, ambaye sasa alikuwa haoni vizuri.

"Marahaba. Keti. Mahali unapajua."

"Pole, mama," akamwambia Sidi.

"Bado," Sidi akajibu.

Wakakaa. Jefwa akafungua kwa maneno mengi ya kumshukuru mheshimiwa kwa kuitumikia nchi. Alipopumua, Tsofa akamwambia, "Chifu, punguza. Hatukuita mkutano wa maendeleo." Watu wakacheka kidogo.

Sidi akasimama mbele ya jenerali. "Baba, naomba uinue hiyo fimbo yako."

"Hii?"

"Hiyo. Kwa mikono miwili. Juu ya kichwa."

Afisa kijana alitaka kusema jambo, Eunice akamtazama, akarudi nyuma. Munee akasimama. Akainua kifimbo kwa mikono miwili juu ya kichwa. Akakaa hivyo, mtu mzima mwenye mvi.

"Mzee Mwero," Sidi akauliza, "huyo ameshika nini?"

Mwero akakodoa macho yake mabovu. "Fimbo," akasema. "Hata mimi naona."

Munee akashusha mikono. Akamwomba Sidi wasogee kando, wakasogea mpaka kisimani, ambako kiza kilikuwa kizito zaidi. Eunice aliwafuata na hakuna aliyemkataza.

"Nilimjua," Munee akasema. "Nilipoishusha ndege, nilimjua. Na fimbo niliiona."

"Ahsante," Sidi akasema. "Sasa twende ukawaambie hao."

"Mama, nikisema ni mimi, wataniuliza ni nani aliyenituma. Wengine bado wapo. Wengine wamepewa majina ya barabara."

"Mimi sikukuuliza barabara. Nimekuomba neno moja nikunje mkeka wangu."

Eunice akasema, "Sema, Munee. Wewe ni jenerali. Nani atakufanya nini?"

Munee aliitazama kamba ya kisima. Kisha wakarudi. Afisa kijana alikuwa amesimama karibu na kiti, ameshika simu, na sauti ya mtu ilikuwa ikisikika ndani yake. Munee hakuipokea ile simu. Haikuhitajika. Alisimama mbele ya watu, akafunga kifungo cha koti.

"Nimekuja kutoa pole kama jirani," akasema. "Serikali ilishaeleza jambo hili. Ilikuwa radi."

Mzee Mwero akauliza kama mheshimiwa amemaliza, akaambiwa amemaliza. Tsofa akaenda akamfungua mbuzi, akampeleka kula majani. Mkewe akawaita watoto.

"Haya," Sidi akasema. "Karibu chai kabla hujaondoka. Unywe juani huko, humu inapoa upesi."

Eunice hakupanda gari la kaka yake. Alirudi Kikoneni na pikipiki.

Mwaka uliofuata jenerali alikufa kitandani kwake, Diani. Akaletwa kuzikwa skimu, ubavuni mwa Kamene, na hema jeupe, na mizinga, na viti vya wageni kutoka mji mkuu. Msomaji wa wasifu alisoma kila cheo. Alipofika kwenye nishani ya kwanza alisema ilikuwa ya ushujaa, katika operesheni dhidi ya majangili. Kisha akatangaza nishani nyingine, kubwa kuliko zote, ambayo taifa lilikuwa linampa marehemu.

Wakati huohuo, kule uwandani, Sidi alikuwa amekaa kando ya kaburi la Mwinga, akiwa amenyoosha miguu. Aliona giza likija kwenye majani, bila haraka, kama maji ya mvua yanavyotambaa uani. Likafika miguuni kwake, likapanda kaburi upande wa kichwani, likashuka upande wa pili, likatulia hatua chache mbele. Sidi akavuta kanga yake mabegani.

Kisha ndege za heshima zikatokea Kikoneni, zikiwa zimepangana, chini kabisa. Zilipovuka uwanda ziliinamisha mabawa, kama walivyoagizwa marubani kufanya kwa heshima ya marehemu. Ng'ombe wakatawanyika. Wachungaji wote, wakubwa kwa wadogo, waliweka fimbo zao chini wakasimama mikono mitupu, imeachana na mwili, viganja vikitazama juu. Hiyo nayo ilikuwa imeshakuwa desturi ya mahali pale, na watoto huifundishwa mapema. Sidi naye akaiweka chini fimbo yake ya kutembelea. Alingoja mpaka mlio ukapotea upande wa baharini, ndipo akaiokota.

Huko juu Kikoneni matanga yalikwisha kwa wakati wake. Hema likakunjwa, viti vikarudishwa vilikokodiwa, na ndugu wakatawanyika.

Baadaye Eunice akashuka na mbuzi wake, amevaa nguo za kawaida. Ilikuwa saa nne asubuhi na kibatari kinawaka. Alivua viatu kando ya mkeka.

"Pole, Mama Tsofa," akasema.

"Bado," Sidi akajibu, akamsogezea kigoda. "Habari za nyumbani?"