Tumalize Kwanza Kankan

Jumamosi ya tarehe 17 Novemba 2012 ndiyo siku maisha ya Anselme Wacquez yalipokwenda mrama. Mkewe, Léone, aliyekuwa akiwavalisha wachezaji wa kabareti ya Bwana Cauvin, ukumbi wa chakula na dansi, alianguka kwenye ngazi za nyuma ya jukwaa akiwa amekumbatia mzigo wa sketi. Taa ya hapo ilikuwa imeungua tangu kiangazi, na Cauvin alikataa kuibadilisha, eti mwanga unapenya hadi jukwaani. Gari la wagonjwa liliitwa baada ya onyesho kwisha. Siku ya mazishi, mchezaji mmoja alimnong'oneza Anselme kwamba kuna mtu alisema, "Hakuna kusimamisha. Tumalize kwanza kankan," ile dansi ya kurusha miguu sketi zikiwa juu. Nani, hakumtaja. Alikuwa bado anaitaka kazi yake.

Anselme akaenda kwa Cauvin, akaambiwa bosi yuko mkutanoni. Akaenda polisi, wakasema ni ajali. Akaenda kwa meya, akapewa pole na kikombe cha kahawa. Wakubwa ndivyo walivyo, wakikuvunja mguu wanakukaribisha kiti.

Basi mwaka uliofuata halmashauri ilipoandaa chakula cha jioni cha Krismasi kwa wazee wa vijiji vyote, na kati ya kumbi zote ikachagua ukumbi wa Cauvin, Anselme alivaa suti aliyoivaa makaburini, akapanda basi. Alikuwa na haja moja tu: kuuliza mbele ya watu ni nani aliyesema vile, na ajibiwe.

Meza zilibanwa hadi viwiko vikagongana. Kando yake aliketi Mauricette, mama wa kijiji cha mbali ambaye hakuwahi kumwona, rangi ya mdomo imempanda hadi kwenye meno.

"Changamka basi, bwana! Unamkatakata huyo bata kama vile alikukosea."

"Huyu bata ameuawa mara mbili. Mara ya pili jikoni."

"Una mdomo wewe! Kunywa, inalipa halmashauri."

"Halmashauri ina hela gani? Ni kodi yangu na yako hiyo."

Kule kaunta Cauvin alikuwa akiwamiminia shampeni wakubwa wa halmashauri, wote wekundu mashavuni, wanapigana mabega. Wachezaji wakashuka ngazi kubwa ya jukwaani, manyoya kichwani, kifua mbele. Kwenye mapindo ya magauni yao Anselme aliujua mshono wa mkewe.

Kisha Fredo, mshereheshaji, akapita katikati ya meza na kipaza sauti, akitafuta mwanamume wa kupanda naye jukwaani. Wazee waliuzoea mchezo huo. Anayepandishwa huwa ni mtu wa kabareti yenyewe aliyepandikizwa mezani, anajifanya mgeni, halafu anachekesha watu hadi wanalia. Ila jioni hiyo mtu wao alikuwa kitandani na homa, na Fredo alimchukua wa kwanza aliyenyoosha mkono. Anselme.

"Babu, mbona umenuna? Mama watoto amekufichia meno ya bandia?"

"Amekufa."

Ukumbi ukacheka. Fredo alisita kidogo, akamtupia jicho bosi wake, akaendelea.

"Amekufa! Wapi tena, jamani?"

"Hapa. Nyuma ya pazia hilo."

"Basi aliondoka bila kulipa!"

Watu wakashika mbavu. Fredo akamvika Anselme manyoya ya waridi kichwani. Anselme akakinyakua kipaza sauti.

"Cauvin! Mke wangu alilala sakafuni nanyi mkaendelea kurusha miguu. Nani alisema mmalize kwanza?"

"Mwangalie uso!" mtu akapaza sauti nyuma. "Hacheki hata chembe! Huyu ni fundi!"

Bendi ikaingia. Wazee wakanyakua vitambaa vyao vya mezani wakavizungusha juu ya vichwa, kama wafanyavyo wakikolewa na raha, ukumbi mzima vitambaa vyeupe vinazunguka, na Anselme katikati anauliza tena na tena, hasikiki.

Cauvin mwenyewe akapanda jukwaani akipiga makofi. Akamkumbatia, akambusu shavu hili na hili, na alipofika sikioni akasema taratibu, "Umesikia wanavyocheka, Wacquez? Rudi ukale keki yako."

Akarudi. Hakujua afanye nini kingine. Mauricette alikuwa akijifuta machozi.

"Umeniua! Kumbe wewe ndiye mtu wao, umekaa hapa kimya!"

"Mimi si mtu wao. Léone alikuwa mke wangu. Ni Novemba mwaka jana."

Kicheko cha mama yule hakikukatika mara moja. Kilipungua pole pole, kama bomba linalofungwa.

"Novemba..." akasema. "Jumamosi? Nilikuwepo mimi. Nilikuja na dada yangu. Tulisikia kishindo kule nyuma, halafu sauti ya mwanamke inaita. Tukadhani ndiyo onyesho lenyewe."

"Mkafanya nini?"

Mauricette aliitazama keki yake.

"Tulipiga makofi."

Pazia likafunguka. Wasichana wakatoka wakipiga mayowe, sketi juu, miguu hewani, na meza zote zikaanza kupigapiga viganja kwa mdundo. Anselme akamshika mkono mama yule, mkono uliokuwa tayari umeinuka, akamsogelea.

"Mlipokuwa mnapiga makofi, bado alikuwa anaita?"