Mstari wa Kijani

Begi la shemeji lilikuwa limeshafungwa. Mama mkwe alimpa kitindamimba wake huyo muda, jua lizame awe ameondoka, kisa minyanya iliyogeuka myeupe. Minyanya ile ndiyo ilikuwa karo, sabuni na kiburi cha mama mkwe. Ukiigusa, umemgusa yeye. Na nani aliyepulizia dawa ya magugu kwenye mahindi ya pembeni? Si huyo huyo?

Mkamwana alirudi mbio kutoka maabara ya mimea anakofanya kazi, roho mkononi. Siku nzima alikuwa akisaga majani ya minyanya ile na kuyapima. Kwenye majani machanga, rangi ya kijani ilikuwa imekwisha, na vimeng'enya vya kuulinda mmea vilikuwa vimepanda kama homa. Ni dawa ya magugu, hakuna ubishi. Lakini dawa ya kupeperushwa na upepo ingeanza na upande wa mahindi. Hii ilipandia mizizini, shamba zima, isipokuwa mstari mmoja karibu na bomba.

Aliwakuta wote wawili kando ya shamba, penye pipa la maji, shemeji begi mkononi. Mama mkwe huyu haambiwi amekosea.

"Mama, pampu ya dawa huwa anaiosha nani?"

"Mimi! Huyu mvivu nimwachie?"

"Na maji ya kuoshea?"

"Nayarudisha kwenye pipa. Maji ya kuchezea tunayo wapi?"

"Na minyanya unaimwagilia kwa..."

Hakumaliza. Mama mkwe alilitazama pipa, kisha akautazama ule mstari anaoumwagilia kwa mpira wa bomba.

"Lakini niliyanusa! Hayakuwa na harufu!"

Hasira zikampanda, hata hajui anamkasirikia nani, akalipiga pipa teke. Pipa likapinduka. Maji yakateremka moja kwa moja kuelekea mstari wa kijani.

"Mama, maji!" mkamwana alipiga kelele.

Shemeji alibwaga begi, akakwapua jembe. Alichimba mbele ya maji kama mwendawazimu, udongo ukimrukia usoni, maji yakimfuata hadi vidoleni. Yalibakiza hatua moja tu, yakaingia mferejini, yakaishia kwenye njia ya vumbi.

Alisimama akihema, matope hadi magotini, akisubiri matusi yake.

Mama yake aliliokota begi, akalipangusa kwa pindo la nguo yake, akalirudisha ndani.