Bega Limechoka, Mimi Sijachoka

Bega la Bi Mweko lilimgomea mbele za watu. Ilikuwa arusini, keki inakatwa, naye amesimama juu ya kiti akisubiri kile kicheko ambacho maharusi hukiangua kisu kikishagusa sahani. Kicheko kikaja. Mkono wake wa kulia ukanyanyuka na kamera hadi kifuani, ukakwama hapohapo kama lango lililoliwa na kutu. Mpiga video akawahi kumshika asidondoke. Keki ikaliwa, wageni wakacheza, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja ya kazi yake akalazimika kuwaambia wateja maneno aliyoyachukia kuliko yote: picha hiyo sina.

Jina la Bi Mweko alipewa na wateja, kwa ajili ya ule mwanga wa ghafla uliotoka juu ya kamera yake na kuwaacha watu wanapepesa macho. Lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu.

Daktari wa viungo alimnyoosha mkono, akaukunja, akauzungusha, akamuuliza hubeba nini. Bi Mweko akafungua mkoba, akamkabidhi kamera na lenzi yake na taa yake. Daktari akaipima kwa mkono mmoja, akahamishia wa pili.

"Mama, hii ni kamera au tofali?"

"Ni kazi."

"Basi ukiendelea na kazi hii, mwakani utatafuta mtu wa kukuchana nywele."

Habari hazina miguu lakini hufika. Kesho yake mchana kaka yake mkubwa akabisha hodi. Alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu, na kwa kuwa shule zilikuwa zimemwachia, sasa alimkagua dada yake. Akakaa kwenye kochi, akatazama picha zilizojaa ukutani, akakohoa kidogo.

"Mdogo wangu, umefanya kazi ya kutosha. Wanao wamesoma, wana kwao. Pumzika sasa. Ukitaka cha kukushughulisha, fungua hata kiduka cha madaftari."

"Kaka, bega ndilo limechoka. Mimi sijachoka."

"Na bega ni la nani?"

"Ni langu. Kwa hiyo shauri lake nalikata mimi, si baraza la ukoo."

Kaka mtu akaondoka amenuna. Bi Mweko akabaki mezani na kamera yake ya zamani. Walikuwa wamezeeka pamoja. Mpira wa kushikia ulikuwa umebanduka, akaugandisha kwa gundi ya viatu. Alama za vitufe zilifutika zamani, lakini vidole vyake vilivijua hata gizani. Ndani yake mlikuwa na kioo, na kila alipopiga picha kioo kile kiliruka juu na kurudi, kachak, kachak, mlio aliokuwa ameuzoea kiasi kwamba hakuusikia tena. Alikuwa amesikia kwamba siku hizi zipo kamera zisizo na kioo, ndogo na nyepesi. Akaitia kuukuu yake mkobani, akavaa viatu vya kutembelea, akaenda dukani.

Muuzaji alikuwa kijana mtanashati, ndevu zimechongwa kwa rula. Alimtazama Bi Mweko kuanzia mtandio hadi viatu, kisha akachomoa kabatini kitu cheupe chenye mkanda wa waridi.

"Hii akina mama wanaipenda sana. Nyepesi, nzuri kwa picha za wajukuu."

"Sijaja kununua pochi, mwanangu. Nimekuja kununua kifaa cha kazi."

 Kijana akaruka mpaka upande wa pili wa kabati, akaleta kubwa kuliko zote, akaleta na ya wastani. Bi Mweko akanyoosha kidole kwenye kona ya chini, palipokuwa na nyeusi moja ndogo iliyopangwa nyuma ya wenzake kama mtu wa ziada kwenye picha ya familia.

"Na ile."

"Ile ya wasafiri, mama. Ya kutia kwenye mkoba."

"Na mimi nina mkoba. Ilete. Na kiti."

Akakaa. Akaipandisha ile kubwa jichoni, akaishikilia hapo, akaanza kuhesabu kwa sauti. Alipofika tisini bega likaanza kunong'ona. Mia na kumi likapiga kelele. Ya wastani ikamfikisha mia na sitini. Ile ndogo ikafika mia mbili, naye akaendelea, hata muuzaji akajisahau, akawa anahesabu naye.

Lakini Bi Mweko hakuwa mtu wa kupofushwa na kipya. Akaigeuza ile ndogo huku na huku kama anayechagua nyanya. Kidole chake cha mwisho kilikosa pa kushika, kikaning'inia hewani. Betri yake ilikuwa kama kiberiti, na muuzaji alipobanwa akakiri kwamba huisha upesi. Alipoifungia lenzi yake nzito ya zamani kwa kiungo maalumu, kamera ikainamia mbele kama kuku anayekunywa maji. Na alipochungulia kwenye kijidirisha chake hakuona dunia. Aliona kioo kidogo cha umeme kinachoonyesha dunia.

"Naona kama natazama televisheni," akasema.

"Ndivyo zilivyo, mama. Lakini unachokiona ndicho utakachokipata. Kukiwa na giza, unaliona giza kabla hujabonyeza."

Hilo lilimwingia. Nusu ya maisha yake aliitumia kubahatisha mwanga na kuomba Mungu. Akauliza namna ya kunyamazisha mlio, akaonyeshwa. Akabonyeza. Hakusikia kitu. Akabonyeza tena, na tena, kisha akaigeuza kumwonyesha muuzaji picha tatu za kijana mtanashati anayekuna ndevu zake huku akijitazama kwenye kioo cha kaunta.

"Umenipiga saa ngapi?" kijana akaruka.

"Sasa hivi, ulipokuwa unajikuna ndevu."

Kijana akacheka, halafu akainama, akasema kwa sauti ya chini kama anayetoa siri ya duka. "Nikwambie ukweli, mama. Picha ni nzuri. Tatizo ni watu. Wateja wakikuona na kadude haka watasema siku hizi umeishiwa."

"Watakuja kuchukua picha au kuchukua chuma?"

"Watu wanaangalia chuma."

"Basi wataniangalia mimi. Nifungie hii, na lenzi yake ndogo, na betri za ziada tatu."

Majuma ya kwanza yalikuwa ya kujifunza upya kutembea. Mikono iliyozoea uzito, ikikosa uzito hutetemeka. Picha zikatoka zina ukungu, naye akalaani hadi majirani wakasikia. Akajifundisha kubana viwiko mbavuni na kupumua kwa mpango. Akaenda chuo cha wakunga, ambako alikuwa amepiga picha za mahafali kwa miaka tisa mfululizo, akaomba aingie darasa la mazoezi na kamera zote mbili, mpya na kuukuu, ajiridhishe. Akapewa ruhusa. Akapiga saa nzima kwa hii na saa nzima kwa ile, akasafisha picha mbili kubwa, na siku wapiga picha walipojiandikisha kwa mahafali akazikunja, akazitia chini ya kwapa, akaenda nazo, ili zibandikwe kwenye ubao wa chuo.

Ofisini alikuta wapiga picha kumi na zaidi, na mbele yao, amekalia pembe ya meza ya katibu, Mwenyekiti wa chama chao. Huyu walimwita Bomba, kwa ajili ya lenzi yake ndefu kama bomba la maji machafu, ambayo hakuitoa shingoni hata akienda kununua vocha. Katibu wa chuo, mama mnene mwenye kalamu sikioni, alikuwa anagawa vizibao vyenye namba. Mwenye kizibao alisimama mbele, karibu na jukwaa, asiye nacho alikaa nyuma na wenye simu.

"Bi Mweko," Bomba akaita, "kamera iko wapi?"

Akaitoa mkobani. Mtu akaguna. Mwingine akauliza kama inapiga pasi pia.

"Dada yangu, nakuheshimu," Bomba akasema, na Bi Mweko akajua matusi yanafuata. "Lakini chama kimekubaliana. Mbele ni kwa kamera za kitaalamu. Tunalinda hadhi ya fani. Wewe mwaka huu utakaa nyuma, upumzike, na bega lenyewe tumesikia."

"Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi, Mwenyekiti."

Watu wakacheka. Bomba hakucheka. Bi Mweko akasogeza vizibao pembeni, akakunjua picha zake mbili mezani. Darasa lilelile, siku ileile, wanafunzi walewale wakifundishwa kumvika nguo mtoto wa bandia.

"Una jicho, hilo sikunyimi," akamwambia. "Moja nimeipiga kwa kamera kubwa, moja kwa hii. Chagua."

Bomba akavaa miwani. Akainama, na wenzake wakanyoosha shingo, maana kweli alikuwa na jicho. Hakuchukua hata dakika.

"Hii ndiyo ya kamera kubwa."

"Umepatia. Umejuaje?"

"Ah, si rahisi!" akasema, amejaa fahari. "Tazama hapa, kila mtu amekakamaa. Wamelisikia lichuma linaingia, wamejipanga kama wanapigiwa picha ya kitambulisho. Lakini hapa, huyu anacheka, huyu anamsahihisha mwenzake, mwalimu amejisahau mpaka ameng'ata kidole, hawana habari kama kuna..."

Akajisikia anachokisema. Akafunga mdomo, lakini neno likishatoka halina mkia wa kulivutia. Ofisi nzima ilikuwa inacheka, na katibu alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Hata hivyo," Bomba akasema, shingo imemvimba, "kanuni ni kanuni."

 Bi Mweko akachukua kizibao cha juu kabisa, namba saba, akakivaa, akafunga kamba zake zote mbili bila haraka.

"Atakayekuja kunivua, aje sasa hivi. Nina bega moja bovu, la pili zima."

Hakuna aliyesogea. Katibu akatoa kalamu sikioni, akafungua daftari. "Kanuni hiyo mmeitunga ninyi barabarani, chuo hakijaitunga," akasema. "Namba saba, Bi Mweko. Anayefuata?"

Siku ya mahafali ukumbi ulifurika. Bi Mweko alikuwa mbele, Bomba kulia kwake, wamepeana migongo kama paka wawili. Wahitimu wakaingia na sare zao nyeupe, na mvua ya kachak kachak ikaanza, kamera kumi na nne kwa pamoja kama mawe juu ya bati. Ulipofika wakati wa kiapo, mkuu wa chuo akashika kipaza sauti, akasimama kimya mpaka wote wakamtazama.

"Ndugu zetu wapiga picha, tunawaomba. Kelele hizo ziishe mpaka kiapo kiishe. Hatusikiani."

Kamera zikashuka vifuani. Bi Mweko alisita kidogo. Akajiuliza ameombwa nini hasa, akajijibu: kelele. Naye kelele hakuwa nayo. Akabana viwiko, akainua kamera.

Katika mstari wa tatu alisimama mhitimu mmoja mwenye mvi. Chuo kizima kilimjua. Kwa miaka kumi na minne alifagia korido zilezile, akiwasikiliza wanafunzi wakikariri, mpaka siku moja akaweka ufagio chini, akaomba fomu. Wengine walisoma kiapo kutoka kwenye karatasi. Yeye karatasi yake alikuwa ameikunja mkononi. Alikijua chote, alikuwa amekijua kabla hata hajasajiliwa, na kila neno lililotoka lilisukuma chozi mbele yake. Bi Mweko alimwona kwenye kile kidirisha chake, mwanga ukiwa vilevile utakavyokuwa pichani, akabonyeza. Hakuna aliyegeuka.

Kiapo kilipokwisha Bomba akamsogelea, amekunja uso.

"Nimekuona. Uliambiwa uache."

"Tuliambiwa tuache kelele. Wewe ulisikia yangu?"

 Bomba akaitazama ile kamera ndogo, halafu akaigeuza lenzi yake ndefu upande wa jukwaa na kuendelea na shughuli zake. Hakuomba radhi, siku ile wala baadaye, na Bi Mweko hakukaa kuingojea.

Uani, baada ya vyeti, familia zikajipanga chini ya kivuli cha jengo. Alikuwa ameshabadilisha betri mara tatu, na ya nne ilikuwa inapepesa. Bega nalo lilikuwa limeanza tena, si kwa ukali wa zamani, lakini lilikuwepo. Kamera nyepesi si dawa. Akaipokezanisha mikono, akaendelea. Mama mmoja akamwuliza kama kadude hako kanatoa picha za kweli, akamjibu, "Hapana, mama, kanatoa za ndoto," na mama akacheka, akasimama apigwe.

Yule mhitimu mwenye mvi akaja mwishoni, na mumewe aliyevaa koti lililombana, na watoto wakubwa wanne, na mjukuu aliyelala begani mwa mmoja wao. Bi Mweko akamwambia asimame tu kwa raha, azungumze na watu wake, asiihofu kamera.

"Hapana," mkunga akasema. Akanyoosha sare kwa viganja viwili, akaweka miguu pamoja, akainua kidevu, akamkazia macho. "Mimi nataka ile ya kusimama. Wima. Ya kuning'iniza sebuleni, kila anayeingia aikute."

"Wima basi," Bi Mweko akasema, akapiga hatua moja nyuma ili waenee wote. "Mzee, koti lako vizuri. Msicheke, wala asitikisike mtu. Huyu mama leo ana haki ya kukakamaa anavyotaka."

Wakakakamaa, wote saba, hata aliyelala. Akawapiga.