Upepo Ulioanguka Lac Vert

Kwa miaka kumi na minane Munguakonkwa alikuwa mpimaji wa hali ya hewa kwenye kiwanja cha ndege cha Goma. Tangu ndege ziache kutua kwa sababu ya vita, anatengeneza redio katika kibanda chake mtaani Ndosho, lakini hajaacha tabia ya kutazama juu.

Jumamosi ya mahari ya Joyeuse, alikwenda mtaa wa Lac Vert, nyumbani kwa mdogo wake Gisèle, mama wa bibi harusi. Hema kubwa la turubai lilikuwa limesimamishwa uani kwa nguzo za chuma. Vigingi havikuingia kwenye mawe ya volkano, kwa hiyo kamba zilifungwa kwenye magunia ya mchanga.

Saa nane mchana aliona wingu zito upande wa Sake. Chini yake mvua ilining'inia bila kufika ardhini. Uani jua lilikuwa kali, jani halitikisiki. Alimfuata Gisèle jikoni, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba wageni wahamishiwe kanisani, ng'ambo ya barabara, kwa nusu saa tu.

Gisèle hakuacha kupakua wali. Mwezi mmoja kabla, kaka yake alikuwa amevunja karamu ya komunyo kwa onyo kama hilo, na tone halikuanguka. Mtaa mzima ulicheka.

"Yaya, leo usitupimie mawingu," alimwambia kaka yake. "Bakwe wamekwisha kukaa, upande wa bwana mzima. Unataka watuone watu wa namna gani?"

Munguakonkwa alirudi hemani akaketi. Karibu naye alikuwa Papa Darius, baba wa bwana harusi, mfugaji kutoka milima ya Masisi, ambaye alimuuliza kwa upole kama yuko mgonjwa. Munguakonkwa alijibu kwamba ni uchovu tu.

Dakika kumi hazikupita. Hewa baridi ilimgusa shingoni, na barabarani aliona vumbi likitambaa kuja kwao, pana kama ukuta. Alisimama akapiga kelele watu watoke. Wanawake walitoka wakiburuta watoto, lakini Papa Darius na wanaume watatu walishika nguzo ili hema lisianguke.

Upepo uliinua kila kitu. Magunia yaliruka na kamba zake. Wale watatu waliachia. Papa Darius hakuachia mapema. Nguzo ilimbeba hadi juu ya vichwa vya watu, kisha ikamtupa kwenye mawe. Mvua ya kishindo ikafuata, na baada ya dakika tano kukawa kimya.

Hospitalini walisema nyonga imevunjika. Katika baraza, Honoré, bwana harusi, alimgeukia Munguakonkwa na kumuuliza kama alijua.

"Nilijua," alisema.

Gisèle, nguo zikimdondoka maji, alisema ni yeye aliyemnyamazisha. Honoré aliingia ndani kwa baba yake, na Joyeuse akabaki amesimama mlangoni, asijue kama amfuate.

Siku ya nne Munguakonkwa alikwenda kumwona mgonjwa. Papa Darius alitaka kwanza kuelewa kilichomwangusha. Munguakonkwa alimweleza kwamba upepo ule haukutoka mbali. Mvua ikikauka hewani, hewa inapoa, inakuwa nzito, inaanguka kama maji ya ndoo, na ikipiga ardhi inakimbia pande zote. Hata ndege kubwa inaweza kusukumwa chini na upepo huo inapokaribia kutua.

Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Nilikuuliza kama unaumwa," alisema. "Ungeniambia mimi ningeinuka, na watu wangu wote wangeinuka nyuma yangu. Hakuna aliyeniuliza kama ningeona haya kuhamishwa."

Munguakonkwa alibaki ameketi kando ya kitanda mpaka muuguzi alipokuja kumwambia muda wa wageni umekwisha.