Ng'ombe Mwekundu wa Tomaso

Watu wa kijiji chetu wana roho ngumu, na sisemi hivyo kwa utani. Nimerudi kwetu, huku mteremkoni mwa mlima Hanang, juu ya Endasak, na boksi la barafu na vichupa, nikiomba damu kidogo kwa kila mtu mzima. Tangu Jumatatu hakuna aliyekaa kwenye kiti changu. Wanasema naenda kuiuza. Hata walionibeba mgongoni nikiwa mdogo wanapita na bodaboda na kugeuza uso.

Kiti nimekiweka uani kwa mama yangu, Marieta, na hilo ndilo linalowachoma zaidi. Uani hapa waliacha kukanyaga zamani.

Nilikuwa darasa la pili, mwaka wa mvua nyingi na mbu wengi. Jirani yetu, mzee Tomaso, alimpa mama ng'ombe mwekundu amtunze. Ndiyo desturi yetu: ng'ombe anabaki wa mwenyewe, maziwa na samadi ni vya mtunzaji. Mama alishukuru sana. Haukupita muda ng'ombe akatupa mimba, na mama akamvuta ndama mfu kwa mikono mitupu. Kisha mama akashikwa na homa kali, na mimba yake mwenyewe ikaharibika.

Kwa wazee wetu, mwanamke aliyepatwa na hayo ana uchafu unaoweza kuambukiza watu, mifugo na mazao, kwa hiyo hutengwa mpaka asafishwe. Aliyekwenda kudai mama atengwe ni Tomaso. Alisema uchafu wa mama, hata kabla haujajitokeza, ndio ulioua ndama, akamchukua ng'ombe wake akaondoka. Chemchemi ya wote tukakatazwa, tukawa tunashuka korongoni kuchota tope. Baba akaenda zake Babati na hakurudi. Muda wa kutengwa uliisha. Chuki haikuisha.

Wengine huingia kwenye sayansi kwa kupenda vitabu. Mimi niliingia kwa hasira. Chuoni Morogoro nilisoma habari za virusi vya Homa ya Bonde la Ufa, vinavyowafanya ng'ombe watupe mimba na kuwapata watu kupitia mbu na damu ya mnyama mgonjwa. Aliyepona hubaki na kingamwili, askari wa mwili wanaomkumbuka adui kwa miaka mingi. Niliposoma ukurasa ule nililia maktabani, watu wakadhani nimefiwa. Nikaamua kuwatafuta askari hao maisha yangu yote. Damu ya mama nilishaipima, na walikuwemo. Lakini damu ya mtu mmoja haitoshi kuthibitisha kwamba ugonjwa ulipita kijiji kizima. Majirani wakikataa, utafiti wangu umekufa, na mama atazikwa akiitwa mchafu.

Alhamisi Tomaso akaja. Alisimama nje ya geti la miti, kundi la watu nyuma yake, na mkewe Judica katikati yao.

"Shikamoo, mzee," nikasema, kwa sababu nililelewa kwa adabu.

"Marahaba. Fransiska, funga vitu vyako uondoke. Mama yako alituletea balaa, na wewe unaleta lingine."

"Mzee, naomba ukae wewe kwanza. Ukikaa wewe, wengine watakaa."

"Nikae hapo?" Akatema mate chini. "Kwenye uwanja huu?"

Mama alikuwa kizingitini anapukuchua mahindi, wala hakuinua kichwa. Nilimchukia Tomaso kwa moyo wangu wote, na bado nilitabasamu, maana nilihitaji mkono wake.

Ndipo Judica akampita mumewe, akafungua geti, akaja kukaa kitini. Tomaso alimwita. Hakugeuka. Nilimfunga mpira mkononi, nikainama kumuuliza maswali tunayowauliza wanawake wote, kwa sauti ya chini ili yabaki yetu wawili.

"Mama, mwaka ule wa mvua, uliharibikiwa na mimba?"

"Uliza kwa sauti," akasema. "Mimi nimechoka kunong'ona."

Hakungoja nirudie. Akajibu mwenyewe, na sauti ikafika getini.

"Iliharibika, kabla ya ile ya Marieta. Ng'ombe wetu walikuwa wanatupa mimba mmoja baada ya mwingine, na mimi ndiye nilikuwa nawavuta ndama. Huyu akasema tunyamaze nisije nikatengwa. Tukazika nyuma ya zizi. Kesho yake akamtoa yule mwekundu, akamleta hapa. Alisema kama naye atatupa, atupie kwa watu."

Tomaso alitazama viatu vyake.

"Nilikuwa namkinga mke wangu," akasema.

Mama aliendelea kupukuchua. Nilichukua damu ya Judica, na alipoinuka mwingine akakaa, kisha mwingine, mpaka foleni ikavuka geti. Hakuna aliyemwomba mama msamaha. Walinyoosha mikono tu, macho pembeni.

Tomaso alikaa wa mwisho. Nilitamani sindano iwe butu. Nilimchoma taratibu kama wengine, lakini nilipochomoa nilichelewa kuweka pamba, damu ikamchuruzikia vidoleni.

"Marieta," akasema, bila kumtazama, "nipe maji ninawe."

Mama akaweka gunzi chini.

"Maji yako korongoni, Tomaso."

Alitazama ndoo iliyojaa pale mlangoni. Kisha akainuka, na watu wote wakimwangalia, akashika njia ya kushuka korongoni.